Vitabu 12 vya vijana kwa mwaka mmoja: ninasoma pamoja na binti wa kaka yangu, na sharti letu ni kutotaja dhamira

ShangaziWaTanga

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Kwa miaka kadhaa nimekuwa msomaji wa kimya humu, lakini jambo nililolianza nyumbani mwezi Januari limekua kuliko nilivyolitarajia, nami nimeona nilifungulie uzi ili wenye uzoefu wanisaidie kulifikisha Desemba.

Binti wa kaka yangu anaishi nami hapa Tanga tangu alipoanza sekondari. Ana miaka 16 na yuko Kidato cha Tatu. Mwishoni mwa mwaka jana nilimkuta barazani akikariri kwa sauti kutoka katika kijitabu cha mwongozo: dhamira za *Watoto wa Mama Ntilie*, kisha wahusika, kisha mandhari, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi kifani na kimaudhui. Alikuwa amekariri vizuri kabisa. Nilipomwomba anionyeshe kitabu chenyewe cha Emmanuel Mbogo, aliniambia kwamba hajawahi kukishika, kwa kuwa darasani kwao kulikuwa na nakala nne tu, nazo zilisomwa kwa zamu na wale waliokaa mbele. Sikuwa na la kumwambia siku hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe nilijibu swali la riwaya katika mtihani wangu wa Kidato cha Nne, nikalipata, bila kufika hata nusu ya riwaya niliyoijibia. Nilikuwa nimesoma mwongozo. Miaka zaidi ya 20 imepita, na kumbe kijana wangu anapita njia ileile niliyopita mimi, kwa kasi kubwa zaidi.

Nilikuwa nimesikia habari za watu wanaojiwekea lengo la vitabu kwa mwaka, wakaandika orodha na kutangaza kila wanapomaliza kimoja. Nikamwambia tujaribu la kwetu: vitabu 12, kimoja kila mwezi, vyote viwe vya vijana au viwe na kijana katikati ya kisa, na angalau nusu yake viwe vimeandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili. Tunanunua au kuazima nakala moja tu ya kila kitabu, na ndani yake tunaweka vipande viwili vya kanga, changu cha kijani na chake chekundu, kila mmoja akijua mwenzake amefika wapi. Nakala moja ilikuwa njia ya kupunguza gharama, lakini imekuwa na faida ambayo sikuifikiria: ukiona kipande cha mwenzako kimekupita kwa kurasa 30 usiku mmoja, unatamani kujua ni nini kilichomkosesha usingizi.

Sharti lililoleta mabishano makubwa nyumbani ni la kutotaja dhamira. Mtu akimaliza kitabu haruhusiwi kusema kinahusu umaskini, ulevi, malezi au nafasi ya mwanamke katika jamii. Anatakiwa kufungua mahali pamoja ambapo alisimama, ama kwa uchungu, ama kwa hasira juu ya mhusika, ama kwa sababu sentensi ilikuwa tamu, kisha aisome sehemu hiyo kwa sauti. Basi. Maelezo yakifuata, yafuate yenyewe.

Tulianza na hicho hicho cha Mbogo, kwa kuwa niliona ni deni. Alikimaliza kwa siku tatu. Sehemu aliyoisoma kwa sauti ni pale Peter na Zita wanaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, na alipofika katikati alinyamaza, akanieleza habari za msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja Kidato cha Kwanza ambaye hakurudi baada ya likizo. Neno "umaskini" alikuwa amelikariri kwa mwezi mzima, na katika mwezi huo wote hakuwahi kumtaja rafiki yake huyo.

Februari tulisoma *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Niliichagua kwa sababu mwandishi ni wa hapa kwetu, alizaliwa Vibambani karibu na Machui, na niliona si vyema mtoto wa Tanga amjue kwa jina la barabara na shule tu. Kurasa za kwanza zilimshinda. Lugha ni nzito, sifa za Mfalme Rai zinafuatana, na nilianza kuogopa kwamba nimechagua vibaya. Kisha akafika pale Ikibali, mjumbe wa mfalme huyo, anapochungulia usiku na kumwona Adili, mtu anayesifiwa nchi nzima kwa wema, akiwachapa manyani wawili, na kisha akiwahudumia kwa huruma. Alinifuata jikoni na kitabu mkononi akiuliza kwa nini mtu mwema awapige wanyama kila usiku, na mimi nilikuwa bado sijafika hapo. Tulikaa chini tukasoma kwa kupokezana mpaka wali ukashika chini ya sufuria. Tangu usiku ule sijamsikia akilalamika kwamba Kiswahili cha zamani ni kigumu. Ninachosikia ni swali la maana ya neno hili na lile, na kamusi yangu ya zamani imehamia chumbani kwake.

Machi ilikuwa *Takadini* ya Ben Hanson, iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisa cha Sekai anayeikimbia jamii yake ili kumwokoa mwanawe mwenye ualbino. Hiyo niseme machache, kwa sababu wengi mnaifahamu. Aprili tulisoma *Siku Njema* ya Ken Walibora, na mtoto alishangaa kuona kwamba riwaya iliyochapishwa Nairobi mwaka 1996 inaanzia katika mji anaoishi. Mei tulijaribu *Peponi*, yaani *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, na hapo tukakwama. Kipande cha kanga chekundu kilikaa mahali pamoja kwa wiki mbili.

Sasa ni Juni. Ninaomba mawazo yenu juu ya vitabu saba vilivyobaki, hasa kutoka kwa wale ambao wamewahi kusoma hivi na vijana wao. Na yeyote anayetaka kujiunga kuanzia Julai kwa vitabu sita, uzi huu ni wake pia.

ChakiNyeupe

Dada, hongera kwa moyo huo, na nimesoma uzi wako mara mbili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimefundisha Kidato cha Tatu na cha Nne kwa miaka 14 hapa Dar es Salaam, na naomba uniruhusu kutokubaliana nawe katika jambo moja.

Ukimkataza kijana kutaja dhamira unamnyima chombo cha kazi. Kwa miaka mingi mtihani umemtaka mwanafunzi achukue riwaya mbili alizosoma na atoe hoja kutoka katika kila moja. Hawezi kujibu kwa kusema "hapa nilisimama nikanyamaza". Ninao vijana wengi wasio na shangazi mwenye nafasi ya kununua vitabu, na kwao mwongozo unaouzwa kwa bei ndogo ndio mlango pekee wa kufaulu. Miongozo ina makosa, mingine ina majina ya wahusika yaliyokosewa, nami nimesahihisha majibu 30 yenye kosa lilelile la jina kwa sababu wote walisoma kijitabu kimoja. Hata hivyo siwezi kuwaambia waitupe wakati nina nakala sita za riwaya kwa wanafunzi 70.

Vilevile uhakiki ukifundishwa vizuri una uzuri wake. Mwanafunzi anapogundua mwenyewe kwamba mwandishi amempa mhusika jina Adili kwa makusudi, na ndugu zake akawaita Hasidi na Mwivu, uso wake unabadilika. Hiyo ni dhamira, na ni furaha pia.

ShangaziWaTanga

Mwalimu, nashukuru sana, na nimeyapokea. Pengine sikulieleza sharti letu vizuri. Shabaha yangu ni ule mpangilio ambao dhamira inatangulia na kitabu kinafuata, au hakifuati kabisa. Binti yangu aligundua habari ya majina hayo uliyoyataja, na aliigundua peke yake akiwa katikati ya kitabu, akaja kuniambia kama mtu aliyeokota pesa njiani. Kama angekuwa ameisoma kwanza katika kijitabu, ingekuwa nukta ya tatu katika orodha ya kukariri.

Lakini kuhusu nakala sita kwa wanafunzi 70 sina jibu, na sitajifanya ninalo. Ninachofanya mimi kinawezekana kwa sababu nyumbani kuna mtoto mmoja na kitabu kimoja.

MwanaKisauni

Habari za jioni ndugu zangu wa upande wa pili wa mpaka. Ninaandika kutoka Mombasa, na uzi huu umenigusa kwa sababu ya *Siku Njema*. Niliisoma nikiwa shuleni, ilipokuwa kitabu teule, na huku kwetu hali ya miongozo ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba riwaya ikiteuliwa inasomwa na taifa zima kwa miaka kadhaa, hivyo utakuta watu wa rika moja kutoka Kwale hadi Kitale wanaokumbuka wahusika walewale. Ken Walibora alipofariki Nairobi mwezi Aprili 2020, kundi letu la waliosoma pamoja lilijaa ujumbe wa watu ambao hawajafungua riwaya nyingine yoyote tangu wamalize shule, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha safari ya Kongowea Mswahili anayemtafuta baba asiyemjua. Nilipoona hivyo niliamua kurudi kwenye vitabu, na mwaka 2021 nikajiwekea lengo la vitabu 24.

Nataka niwaonye juu ya hesabu. Nilivifikia vitabu 24, na kufikia Septemba nilikuwa tayari nachagua vitabu kwa unene, nikikwepa kila kilichozidi kurasa 150 ili nisibaki nyuma. Leo nikiulizwa nilisoma nini Oktoba ya mwaka ule siwezi kukumbuka. Vitabu 12 ni vingi vya kutosha, Bi Shangazi, na kama *Peponi* inahitaji miezi miwili, ipe miezi miwili. Nimewahi kuisoma, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa kwa deni la baba yake na tajiri aliyemdhani kuwa ndugu ni kisa cha kijana kweli, ila mwendo wake ni wa msafara, na msafara hauharakishwi.

Kwa orodha yenu napendekeza *Ndoto ya Amerika* ya Walibora huyohuyo. Ni fupi, ina vijana wanaoota kwenda ng'ambo, na kijana yeyote wa pwani ana binamu au jirani mwenye ndoto hiyo.

MwanafunziNyamagana

Shikamooni nyote. Mimi nina miaka 17, nipo Mwanza, na nimesita sana kabla ya kuandika kwa kuwa naona wanaochangia ni watu wazima. Naomba radhi kama nitakosea.

Shangazi, vitabu ulivyovitaja nimesoma vitatu, na vyote ni vizuri, lakini tafadhali vitazame kwa jicho letu. Katika kimoja watoto wanafukuzwa shule na kuishia jalalani, katika kingine mama anakimbia ili mwanawe asiuawe, katika kingine kijana anafiwa na mama, katika kingine mtoto anawekwa rehani. Shuleni tulisoma pia tamthiliya ya *Kilio Chetu*, ambayo ni juu ya UKIMWI. Mtu akitazama rafu ya vitabu tunavyopewa ataamini kwamba vijana wa Afrika Mashariki hawajawahi kucheka, hawajawahi kutatua fumbo, wala hawajawahi kusafiri kwa kupenda. Wakubwa wanapotuandikia au kutuchagulia vitabu, nahisi kwanza wanafikiri ni kosa gani tunaweza kulifanya, halafu wanatafuta kisa cha kutuzuia.

Wenzangu darasani wanasoma sana, ila hawasomi hivyo. Wanasoma hadithi zinazotumwa kwa sehemu kwenye simu, sehemu ya kwanza hadi ya tano bure, na kuanzia ya sita unalipia. Kuna msichana ambaye hajamaliza riwaya hata moja ya shule, lakini alilipia hadithi ya upelelezi yenye sehemu 80 kwa pesa ya chai. Walimu wanasema hatupendi kusoma. Naomba mniamini kwamba tunapenda.

ShangaziWaTanga

Marahaba mwanangu, na hujakosea hata neno moja. Nilisoma ujumbe wako, nikampa binti yangu simu ausome, akasema, "Shangazi, huyu amesema ninachokifikiria tangu Machi." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba mimi ndiye niliyevinunua vitabu.

Nimelifikiria hilo kwa wiki nzima. Sababu mojawapo naiona kwenye fedha: wachapishaji wetu wanategemea sana soko la shule, na kitabu cha shule lazima kimridhishe mtu mzima anayekiidhinisha kabla hakijamfikia kijana. Sababu nyingine ni historia. *Kilio Chetu* uliyoitaja ilitolewa na Medical Aid Foundation, wakati ambapo nyumba nyingi zilikuwa zikizika, na watu walioiandika walikuwa na haraka ya kuokoa maisha. Siwezi kuwalaumu, nimezika wawili katika miaka ile. Lakini haraka ile imebaki katika namna tunavyochagua vitabu hata sasa, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilipopanga orodha yangu nilikuwa najiuliza kitabu kitamfundisha nini, kabla sijajiuliza kama kitamfurahisha. Niliondoa dhamira mdomoni, nikaiacha ndani ya orodha.

Kwa hiyo vitabu vilivyobaki anachagua yeye. Kwa Julai amechagua *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, kwa sababu nilimwambia ni ya upelelezi. Nitawaletea habari.

BabaWawiliMaskati

Assalaam alaykum. Mimi naishi Maskati, wazazi wangu walitoka Unguja, na wanangu wawili, wa miaka 13 na 15, wanazungumza Kiswahili na bibi yao nyumbani lakini shule wanasoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Hawajawahi kusoma kitabu kizima cha Kiswahili. Nimejiunga nanyi kuanzia Julai kwa vitabu sita, ila tumeongeza utaratibu wa kwetu: bibi anasikiliza, na watoto wanasoma kwa sauti kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana.

Tumeanza na *Peponi*, hicho hicho kilichowashinda ninyi Mei, na nadhani nimejua kwa nini kwetu kinakwenda. Kikisomwa kwa sauti kinafunguka. Mama yangu anawasimamisha kila baada ya aya mbili ili aeleze duka la aina ile lilivyokuwa, au jinsi wapagazi walivyofunga mizigo kama alivyosimuliwa na babu yake, na watoto ambao hawajawahi kumuuliza chochote juu ya kwao sasa wanamwuliza maswali mpaka anachoka. Tumefika ukurasa wa 60 kwa majuma matano. Nimekubali kwamba huenda tusivifikie vitabu sita.

Shida yangu ni kupata vitabu. Hapa hakuna duka lenye riwaya za Kiswahili, na ninategemea ndugu wanaosafiri.

ChakiNyeupe

Ndugu yetu wa Maskati, ukija Dar es Salaam au ukiwa na mtu huku, vitabu vya Mkuki na Nyota na vya Tanzania Publishing House si vigumu kupatikana mjini. Vile vya zamani visivyochapishwa tena mara nyingi nimevikuta Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kwa sheria wachapishaji hupeleka nakala huko, hivyo hata kama huruhusiwi kuondoka nacho unaweza kukaa ukakisoma. Wauza vitabu vilivyotumika kandokando ya barabara nao wasidharauliwe. Nimewahi kupata kwao toleo la zamani la hadithi ya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, lenye jina la mwanafunzi wa mwaka 1973 kwenye jalada.

Dada Shangazi, nimerudi pia na habari yangu. Baada ya mjadala wetu wa Juni nilijaribu sharti lako darasani kwa muhula huu mmoja, kwa dakika kumi za mwanzo wa kipindi. Nilisoma riwaya kwa sauti mimi mwenyewe, bila kuandika chochote ubaoni, na nikapiga marufuku madaftari. Wiki mbili za kwanza walikaa wakingoja niseme kipi kiandikwe. Wiki ya tatu nilisimama mahali pabaya, kengele ilipolia, na mvulana wa nyuma ambaye hajawahi kunyoosha mkono aliniomba nimalizie ukurasa. Sijui kama alama zao zitapanda, mtihani bado. Najua kwamba nakala zangu sita sasa zina orodha ya kuazimwa yenye majina 41, na msimamizi wa orodha hiyo ni mvulana huyo.

Bado ninafundisha dhamira katika dakika 30 zinazobaki, na nitaendelea. Hapo tumekutana katikati, naona.

Nina swali moja gumu kwako. Binti yako akichagua *Rosa Mistika* utasemaje? Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa ajili ya mambo ya mapenzi yaliyomo, na hata leo kuna wazazi wanaonijia ofisini nikiitaja. Mimi nadhani kijana wa miaka 16 anaiweza. Wenzangu wengi hawakubaliani nami.

ShangaziWaTanga

Mwalimu, umenipa furaha kubwa kwa habari ya orodha ya majina 41. Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani.

Nianze na Bwana Msa. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na nilikuwa na hofu kwamba upelelezi wa mzee mwenye kiko, asiye na simu wala kamera, hautamvuta mtoto wa leo. Kipande chekundu kilinipita usiku wa kwanza, na usiku wa tatu kilikuwa mwisho. Alikificha kitabu ili nisimwulize muuaji ni nani kabla sijafika, kisha akawa ananitazama usoni kila ninapofunua ukurasa. Sehemu aliyoichagua kuisoma kwa sauti haikuwa na mauaji wala ushahidi. Ilikuwa ni mazungumzo ya Bwana Msa na rafiki yake Najum. Alisema alitaka kusikia watu wanavyobishana kwa adabu. Kiunguja kile kimemwingia. Juzi alimwambia muuza nazi maneno ambayo yule kijana aliomba ayarudie.

Sasa *Rosa Mistika*. Swali lako limenikuta tumeshaimaliza, ilikuwa kitabu cha Septemba, na aliichagua baada ya kusikia kwamba iliwahi kukatazwa. Nilikubali kwa sharti kwamba tusome sura kwa sura, mimi nikitangulia. Sikukipitia ili nikate kitu. Nilitaka niwe tayari. Kwetu kazi ya shangazi ni hiyo tangu zamani: mambo ambayo mama anaona haya kuyasema, shangazi anakaa mkekani na kuyasema. Nimekaa na binti huyu miaka mitatu na nilikuwa sijakaa naye mkekani hata mara moja, kwa shughuli na kwa woga, na nilikuwa nikijiambia kwamba shuleni wanafundishwa.

Tulipofika pale Zakaria, baba yake Rosa, anapomwadhibu bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, aliniomba tusimame. Hakusema kitu kwa muda. Kisha aliniuliza kama kaka yangu, yaani baba yake, angefanya hivyo. Nikamwambia ukweli: kwamba baba yetu alinifanyia mimi jambo linalofanana na hilo nilipokuwa na umri kama wake, na kwamba kaka yangu alikuwa mlangoni akitazama, na kwamba nadhani ndiyo maana yeye mwenyewe ni mpole hivi kwa watoto wake. Hakuna mtu katika familia aliyewahi kuniuliza habari hiyo. Tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri, na mengi ya usiku ule yanabaki kwetu wawili. Mzazi anayekuja ofisini kwako kulalamika, Mwalimu, ningependa nikutane naye, si kwa kugombana, ila nimwombe akisome kitabu chote yeye kwanza, halafu akisome tena akiwa na bintiye.

Oktoba tumerudi kwenye *Peponi* kwa njia ya Maskati, kwa sauti, na safari hii kinakwenda. Tunasoma baada ya magharibi, na mama wa jirani huja na kiti chake. Novemba ni *Ndoto ya Amerika*, ahsante kwa MwanaKisauni. *Marimba ya Majaliwa* ya Edwin Semzaba, ambayo ni ya safari ya kuizunguka Tanzania, tumeiweka Desemba kwa heshima ya mwanangu wa Nyamagana aliyetaka kisa cha kusafiri. Kwa hesabu yangu tutamaliza vitabu 11 badala ya 12, na binti amesema tusiongeze kitabu chembamba ili kujaza nafasi.

Mwanangu wa Nyamagana, nakala yetu ya *Mzimu wa Watu wa Kale* tumeshaimaliza, nami ningependa uisome. Niandikie faraghani jina la kituo cha basi kilicho karibu na shule yenu. Nitaikabidhi kwa basi la Jumatano. Vipande vyote viwili vya kanga viko ndani. Chekundu kipo pale kwenye mazungumzo ya Bwana Msa na Najum; changu kisogeze utakavyo.

Na kama yupo mwenye nakala ya *Kisima cha Giningi*, hadithi nyingine ya Bwana Msa, anayeweza kutuazima mpaka Januari, tutaitunza na kuirudisha, na nauli ya mzigo ni juu yetu.